Tumeshuka melini tangu Jumatatu, leo Alhamisi mke wangu anasema sakafu bado inayumba. Hii ni nini?

#1 Mtabora
Habari zenu wakuu.

Mimi na mama watoto tumepanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza maishani. Watoto wamekua, wakachangishana, wakatulipia usiku nne kutoka Galveston hapa Texas kwenda kisiwa cha Cozumel, Mexico, na kurudi. Alhamisi jioni tukang'oa nanga, Ijumaa kutwa maji matupu, Jumamosi Cozumel, Jumapili maji tena, Jumatatu tukashuka. Tulikula mpaka nikaanza kuwaonea aibu wahudumu.

Sasa shida. Mke wangu akisimama jikoni kuosha vyombo anasema sakafu inapanda na kushuka polepole, kama bado tuko kule. Jana usiku nimemkuta koridoni kashika ukuta. Kile kizunguzungu cha nyumba kuzunguka hana. Hatapiki. Presha tumepima, 124 kwa 78. Nikamwambia ni uchovu, akaniangalia tu.

Kinachonishangaza ni kwamba baharini kwenyewe hakuumwa hata dakika moja. Na mimi niliyelala kitanda kilekile nimetoka mzima kama nilivyoingia. Aliyewahi kuona kitu hiki aje.

#2 Kiroboto
Naweka kambi. Ila uzi wa meli bila picha, mkuu?

#3 Shangazi wa Temeke
Msizunguke mbuyu. Mpimishe mimba.

#4 Mtabora
Shangazi, ana miaka 48. Kitinda mimba wetu yuko chuo mwaka wa pili.

#5 Shangazi wa Temeke
Sara wa kwenye Biblia alikuwa na ngapi?

#6 Binti Makunduchi
Mie nauliza jambo moja tu. Huko kisiwani alioga baharini wakati gani? Maana kisiwa cha watu hakiingiwi hivihivi, na wenyewe wa baharini hawana pasipoti. Kwetu mtu akirudi pwani na mwili unamyumba, bibi haulizi presha. Anauliza uliingia majini saa ngapi na ulivaa nini.

#7 Mtabora
Aliingia saa tano asubuhi, maji ya magotini, na gauni lake. Hata nywele hazikulowa.

#8 NesiWaZamu
Mkuu, kabla hamjafika mbali, nijibu swali moja. Akiwa ndani ya gari linalotembea anajisikiaje?

#9 Mzee wa Gati
Nimefanya kazi kwenye majahazi ujanani, nimemaliza kwenye meli za mizigo. Hicho kitu ni cha kawaida kabisa. Ukikaa baharini mwili unashika mwendo wa chombo, ukishuka nchi kavu mwili hauna habari kwamba safari imekwisha. Utawaona mabaharia wanashuka gatini wanatembea wameachanisha miguu, watu wakidhani wamelewa. Wengine wamelewa kweli.

Nikuulize, chumba chenu kilikuwa omo au tezi? Na ghorofa ya ngapi?

#10 Mtabora
Mzee wangu, mimi ni mtu wa Tabora, nimekulia kwenye reli. Omo kwangu ni sabuni. Chumba kilikuwa huku mbele kabisa, ghorofa ya tisa, hakina dirisha. Watoto walichagua cha bei rahisi.

#11 Mzee wa Gati
Hahaha. Omo ni mbele, tezi ni nyuma. Basi waliwaweka pabaya. Mbele ndiko meli inakopiga kichwa juu na chini ikikata wimbi, na kila ukipanda ghorofa myumbo unazidi. Meli za siku hizi zina mapezi mawili yanayochomoza ubavuni chini ya maji, yanapunguza ule mrama wa kulia na kushoto. Huu wa mbele na nyuma mapezi hayausaidii kitu. Ukitaka pakutulia ni katikati ya chombo, chini, karibu na maji.

Wazee walishasema: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama iko chini kabisa, ndani ya tumbo la chombo. Tulikuwa tunaisema kama methali ya maisha, kumbe na chumba cha kukodi inafaa.

#12 Mtu wa Likoni
Mzee hapo #11 amenena. Mimi nimetandika vitanda kwenye hizo meli mikataba mitatu, kila mkataba miezi minane. Sisi wafanyakazi vyumba vyetu viko chini kule, na kwa mawimbi tulikuwa tunalala vizuri kuliko wenye roshani huko juu. Tatizo lilikuwa likizo. Nikifika nyumbani wiki nzima kitanda kinaenda. Mama alikuwa anadhani nimeanza kunywa.

Mkuu, mliwekewa tembo wa taulo kitandani?

#13 Mtabora
Siku ya kwanza tembo, ya pili nyani anayening'inia kwenye kiango cha nguo. Mama watoto alikataa nyani asifunguliwe, tukaoga tukajifutia taulo moja.

Nesi hapo #8, umeniacha hoi. Leo nimempeleka dukani, mwendo wa dakika arobaini. Njia nzima anaongea, anacheka, mzima kabisa. Tumesimama taa nyekundu, akanishika mkono: "Imeanza tena." Taa ikawaka kijani, tukaondoka, ikaacha. Ulijuaje?

#14 NesiWaZamu
Nilijua kwa sababu ndiyo dalili yake. Ina jina la Kifaransa ambalo sitalitesa hapa, maana yake ugonjwa wa kushuka chomboni.

Kwa ufupi: sikio la ndani lina majimaji yanayouambia ubongo kichwa kimeelekea wapi. Meli ikianza kuyumba, macho yanasema chumba kimetulia, sikio linasema tunakwenda. Mgongano huo ndio unaotapisha watu. Kuna wengine ubongo wao unajifunza upesi, unaanza kusawazisha kila wimbi kabla halijafika, hao hawaumwi baharini. Ndiyo maana shemeji alikuwa mzima. Sasa ameshuka, mawimbi hayapo, lakini ubongo bado unasawazisha. Akipanda gari mwendo unarudi, hesabu inakubali, anatulia.

Kwa wengi inaisha ndani ya siku moja au mbili. Ikizidi mwezi ndiyo inaitwa ugonjwa hasa, na huwapata zaidi wanawake wa umri kama wake. Mwambie atembee nje, aangalie mbali, asijifungie ndani. Akianza kusikia mlio masikioni, kuona viwili, ganzi upande mmoja au kichwa kuuma vibaya, hapo si suala la uzi tena, aende hospitali.

#15 Mfamasia Mlalahoi
Nesi kaeleza vizuri, ila naomba kupinga kidogo. Mkuu, alibandika plasta ya kuzuia kichefuchefu? Ile ndogo ya mviringo nyuma ya sikio?

#16 Mtabora
Ndiyo, binti yetu alituletea, alipata kwa daktari. Mke wangu alibandika Alhamisi, amebandua tumeshashuka.

#17 Mfamasia Mlalahoi
Haya sasa. Plasta ile inafanya kazi siku tatu, dawa inaingia kidogo kidogo kwenye ngozi. Ukiizoea halafu ukaitoa ghafla, siku inayofuata watu wengine hupata kizunguzungu, kichefuchefu na kichwa kuuma. Mimi nasema ni plasta.

#18 NesiWaZamu
Akitoka kwenye plasta angekuwa na kichefuchefu. Mleta uzi kasema hatapiki. Na plasta haiponi ukipanda gari.

#19 Mfamasia Mlalahoi
Si kila mtu anapata dalili zote. Nasimama hapo hapo.

#20 Mama Wawili
Mnabishana wenyewe kwa wenyewe, mtu ana miaka 48. Hakuna hata mmoja aliyewaza ukomo wa hedhi? Mimi ulinianza na kuyumba hivyohivyo, nikiwa foleni ya benki nahisi sakafu laini kama godoro. Na sijawahi kupanda hata pantoni ya Kigamboni mwaka ule.

#21 Kiroboto
Mpaka sasa tuna ubongo, plasta, mimba, hedhi na wenyewe wa baharini. Mimi naongeza chumvi. Chakula cha bafe kina chumvi ya kutosha kusindika nguru.

#22 Dada wa Dallas
Samahani natoka nje ya mada. Mkuu tupe gharama. Na makaratasi: sisi wa grini kadi tunaruhusiwa kushuka Mexico bila viza?

#23 Mtabora
Chumba cha ndani kwa wawili pamoja na kodi za bandari dola 640. Wakaongeza bakshishi yao ya lazima, dola 17 kwa kichwa kwa siku, ikawa 136. Kuegesha gari bandarini ikakaribia 100. Chakula cha bafe, maji, chai na juisi ya asubuhi ni bure. Soda wanauza! Intaneti tulikataa, tukawaaga watoto kama tunaokwenda jela.

Makaratasi: pasipoti ya Tanzania na grini kadi, vyote viwili mkononi. Mwenye grini kadi ya Marekani haombi viza ya Mexico. Cozumel hata hawakutuangalia usoni, waliosumbua ni wa huku wakati wa kurudi.

#24 Mwanasheria Maandazi
Mnajua kwa nini lazima meli iguse Mexico au Bahama hata kwa saa sita? Meli zote hizo zina bendera za Panama, Bahama na kwingine, na ile sheria ya Marekani ya Jones inakataza meli ya kigeni kubeba abiria bandari ya Marekani mpaka bandari nyingine ya Marekani. Ndiyo maana hamuwezi kutoka Galveston mkashukia New Orleans mkasema safari imekwisha.

#25 Mzee wa Gati
Sheria ya Jones ni ya 1920 na ni ya mizigo. Ya abiria ni ya zamani zaidi, ya 1886. Hoja yako iko sawa, karatasi ndiyo umekosea.

#26 Mwanasheria Maandazi
Nimepokea, mzee. Ndiyo maana naitwa Maandazi.

#27 Mwana Kigoma
Mnatusimulia kruzi leo? Mimi nimepanda kruzi kabla ya wengi wenu kuzaliwa: Kigoma mpaka Mpulungu, Zambia, MV Liemba, pembeni yangu magunia ya dagaa na mbuzi wawili wenye tiketi. Meli ya mwaka 1915 ile, na ilikuwa inakata maji.

Kinachonifurahisha ni hiki. Waliounda Liemba ni kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani. Ndio haohao mpaka leo wanaounda majumba haya yanayoelea. Ile Disney Wish inayopeleka watu Bahama usiku tatu, nne kutoka Florida, iliyoanza 2022, imetoka kwa haohao. Kwa hiyo mkuu, mimi na wewe tumepanda ukoo mmoja.

#28 Mtu wa Reli
Rekebisho dogo kwa #27. Iliundwa 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Wakaikagua, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia kwenye masanduku 5,000 mpaka Dar, kisha kwa treni kuelekea Kigoma, na 1915 ndipo ikaanza kazi ziwani. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasiwaachie maadui, lakini kabla ya hapo mafundi walipaka injini grisi nzito. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Mtabora, masanduku yale yalipita kwenu Tabora.

#29 Mtabora
Kumbe babu zangu ndio walioubeba ukoo. Sasa naelewa kwa nini watoto wetu walituchagulia meli.

#30 Bahati Mbaya
Nyie endeleeni. Mimi mtu wa Mwanza, kitu chochote kinachoelea sipandi. Wanaojua wanajua.

#31 Kiroboto
Oga basi ukiwa umesimama, beseni nalo lina maji hahaha

#32 Bahati Mbaya
Kiroboto, Mei 1996 ulikuwa wapi?

#33 Kiroboto
Nimekosea, mkuu. Samahani.

#34 Binti Makunduchi
Na sie tuna meli iliyozama Septemba 2011, mkondo wa Nungwi. Inatosha. Mie boti ya Pemba bado napanda kwa sababu hapana njia nyengine, ndimu puani, macho nimeyafunga.

#35 Mtabora
Wakuu, naona nilifanya kosa kutolisema hili mwanzoni. Mke wangu ni mtu wa Bukoba. Alikuwa akisoma Mwanza na MV Bukoba aliipanda mara nyingi, likizo kwenda, likizo kurudi. Tangu ilipozama tarehe 21 Mei 1996 hakukanyaga chombo cha majini mpaka Alhamisi ile. Watoto hawakujua, walitaka kutushtukiza. Nami nilinyamaza nikidhani yamekwisha.

#36 Mshauri Asiyeombwa
Basi jibu umelitoa mwenyewe. Mwili unakumbuka. Amejikaza siku nne ili watoto wasijisikie vibaya, amefika salama, sasa mwili unatetemeka kwa niaba yake. Sioni la sikio wala plasta hapo.

#37 NesiWaZamu
Hofu inaweza kuizidisha, sikatai. Lakini hofu haikatiki taa ikiwaka kijani.

#38 Mshauri Asiyeombwa
Kwani gari likitembea mtu hasahau mawazo? Mbona sisi sote tunawazia kwenye foleni.

#39 Mzee wa Gati
Mkuu Mtabora, lile zoezi la tahadhari alilifanyaje? Siku hizi lazima lifanyike kabla meli haijatoka. Ilikuwa inaruhusiwa ndani ya saa 24, mpaka Januari 2012 Costa Concordia ilipopiga mwamba pale kisiwa cha Giglio, Italia. Kuna waliokuwa wamepanda jioni ileile, zoezi hawajafanya. Watu 32 hawakurudi.

#40 Mtabora
Hapo ndipo nilipoona. Wenzetu wanakwenda na glasi mkononi wanacheka, yeye kasimama mbele kabisa. Msichana wa meli akaeleza: honi fupi saba, ndefu moja, unakuja hapa. Mke wangu akamwomba arudie. Akarudia. Akauliza boti yetu ni namba ngapi, inabeba wangapi, na hao wangapi ukiwajumlisha na boti nyingine wanatosha abiria wote? Msichana akaita mkubwa wake. Yule bwana akamtembeza, akamhesabia.

Tuliporudi chumbani akatoa jaketi la kuokolea kabatini akalitandika upande wake wa kitanda. Tumelala watatu usiku nne.

#41 Dada wa Dallas
Jamani.

#42 MkeWaMtabora
Habari zenu. Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu tu, mwanangu kanitumia, kaniuliza "mama, ni wewe?" Nawashukuru kwa kunijali. Ila mume wangu nusu ya mambo ameyasema kinyume, naomba nirekebishe.

La kwanza: hakutoka mzima kama alivyoingia. Jumapili usiku ulikuja upepo wa baridi kutoka kaskazini, meli ikaanza kupiga kichwa, nguo kabatini zinagongana peke yake. Mzee alitapika. Ndani ya kofia yangu ya ukindu niliyoinunua Cozumel dola 15. Ya ukindu! Mnajua kilichofuata.

La pili: plasta. Nilibandika Alhamisi, Ijumaa mchana nikabandua kwa sababu mdomo ulikauka nikawa nashindwa kumeza hata mkate. Iliyobanduliwa tumeshashuka ni ya kwake. Mfamasia, mgonjwa wako ni yeye.

La tatu: haikuanza nyumbani. Ilinianza palepale gatini, foleni ya uhamiaji, mizigo miguuni. Zulia likanyanyuka. Nikadhani jengo linaelea.

La nne: uoga. Mshauri, ulichosema si uongo wote. Alhamisi niliogopa. Toka mlango wa chumba mpaka kwenye boti ni hatua 112 na ngazi tatu, nimezihesabu mara mbili, mara ya pili nimefumba macho. Lakini Ijumaa usiku nilitoka peke yangu ghorofani, yeye anakoroma, nikasimama kwenye reli. Maji meusi, nyota, mashine inanguruma chini ya kandambili zangu. Nilikaa kama saa nzima. Kuna rafiki yangu wa kidato cha nne, nilimtaja jina. Kisha nikaenda kula piza saa nane za usiku, wanatoa bure. Kwa hiyo sijui kama ni uoga ule. Huu wa sasa hauna uoga ndani yake. Ni kama mtu ananibembeleza na mimi nimeshamwambia basi.

#43 Mfamasia Mlalahoi
Shemeji, nimeangushwa na shahidi mkuu. Ila mwambie mzee asishangae akipata kizunguzungu.

#44 Mtabora
Kofia nilisema nitalipa.

#45 Mtu wa Likoni
Shemeji karibu sana jukwaani. Kofia ya ukindu, aki ya nani! Pale chumbani kuna mifuko, kwenye korido kuna mifuko, karibu na lifti bahari ikichafuka tunaweka mifuko. Na siku ingine mwite mhudumu, tunakuja na tufaa la kijani na biskuti kavu. Hatucheki. Tunacheka tukishafunga mlango.

#46 Kiroboto
Mzee alituambia "mimi niliyelala kitanda kilekile nimetoka mzima." Uzi mzima ulikuwa chai, wakuu. Chai ya ukindu.

#47 Mpemba wa Muscat
Nimesoma mpaka hapa. Shemeji, chakula cha halali mnakipataje humo?

#48 Mtu wa Likoni
Unaandikia kampuni wiki kadhaa mapema, wanaweka kwenye jina lako. Ukisubiri kuuliza mezani utakula saladi mpaka Galveston.

#49 Shangazi wa Temeke
Shemeji Cozumel mlifanya nini? Huyu mzee katupa gharama za maegesho tu.

#50 MkeWaMtabora
Tulipanda teksi tukazunguka, tukala samaki pale mjini San Miguel, nyanya na ndimu na pilipili, kidogo niseme niko kwa shangazi yangu Forodhani. Maji yake ni buluu ya kuchora. Tukakaa na miguu majini.

Halafu yeye akatoa simu, akaruka. "Saa kumi na dakika kumi! Meli inafunga kumi na nusu!" Tumekimbia, wakuu. Watu wazima, mimi nashika kofia, yeye anashika kiuno, wauza fulana wanatupigia makofi. Kufika gatini mlinzi anatuonyesha saa ya ukutani: tisa na kumi. Simu ilikuwa imejisogeza yenyewe saa moja mbele, kule wakati wa baridi wanaitangulia Texas kwa saa moja, na meli inafuata saa yake. Yule aliyehesabu boti hakuangalia ratiba, na aliyeangalia ratiba hakuangalia saa.

#51 Mzee wa Gati
Bora ninyi mlikimbia mapema. Nimeshaona abiria wamesimama ukingoni na mifuko ya zawadi, meli imeshageuza omo.

#52 Binti Makunduchi
Shemeji, uliposimama kwenye reli usiku ukataja jina la marehemu, juu ya maji, saa hizo... Sisemi kitu. Ila nenda kamfanyie dua, au kwenu Kanisani kamwombee misa. Halafu utaniambia kama sakafu haikutulia.

#53 NesiWaZamu
Binti Makunduchi, na akitulia kesho kutwa, itakuwa ni misa au ni siku ya sita?

#54 Binti Makunduchi
Wewe sema siku ya sita, mie nitasema misa. Yeye atalala.

#55 Mama Wawili
Na mimi nitasema subirini mwezi ujao muone kama haikurudi. Ukomo wa hedhi haukumbuki meli.

#56 MkeWaMtabora
Jumamosi leo. Jana nilitembea bustani nzima nikiangalia mbali kama nesi alivyosema. Asubuhi hii nikapiga simu Bukoba, Jumapili misa itasomwa. Kwa hiyo msinigombanishe, nimefanya yote.

Jikoni imeacha. Imebaki bafuni nikifumba macho kuosha nywele, inanyanyuka kidogo, kisha inashuka. Nimeanza kuizoea.

Mtu wa Likoni, swali. Chumba cha katikati, chini, karibu na maji, kama alivyosema mzee wa ngama: mwezi wa kumi kinauzwaje?

#57 Mtabora
Mwezi wa kumi?? Hili ndilo nalisikia hapa.

#58 Mtu wa Likoni
Bei itashuka, ila kuna sababu. Msimu wa vimbunga huko ni 1 Juni mpaka 30 Novemba.

#59 MkeWaMtabora
Basi Aprili. Na yeye aje na kofia yake.